Mudimbe alikuwaka ministre wa nini?

Mwezi wa nne wa 2025, siku habari ya kifo cha Profesa V. Y. Mudimbe ilifika hapa Kindu, kikundi chetu cha WhatsApp kilijaa picha. Mzee na miwani yake, na chini yake maneno: géant, baobab, maktaba imeungua. Mimi pia niliweka mishumaa mitatu na kuandika "pumzika, mwalimu". Niseme ukweli: siku ile nilikuwa nimesoma kurasa 20 hivi za mtu huyu, na nusu yake sikuielewa. Katikati ya ile mishumaa yote, mdogo wetu mmoja wa L2 akauliza bila mchezo: "Wakubwa, samahani, ule papa alikuwaka ministre wa nini?"

Watu walimcheka mpaka akafuta ujumbe wake. Nilicheka pia. Lakini usiku, umeme ulipokatika na telefone ikabaki na asilimia 9, nikaona kwamba waliostahili kuchekwa ni sisi. Ule mdogo alisema kwa sauti jambo ambalo sisi wote tunaliamini kimya kimya: kwetu mtu akisoma sana, lazima aishie kuwa kitu. DG, gavana, ministre, ikishindikana basi conseiller. Diploma ni tikiti, safari yenyewe ni ofisi. Na kama hakuna ofisi, tunamtafutia sifa nyingine ya kumtundikia shingoni: "alifundisha Amerika". Kati ya sisi tuliowasha mishumaa, nani alisema neno moja juu ya kile alichoandika? Nilirudi kuhesabu. Hakuna.

Basi mdogo wangu, nakujibu hapa, maana swali lako lilikuwa la heshima kuliko mishumaa yetu. Hakuwa ministre. Alitakiwa na wenye nguvu, akakataa.

Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa tarehe 8 Desemba 1941 huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, mji wa kazi na shaba, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya njia na ya soko kama hapa kwetu. Katika ujana wake aliingia monasteri ya Wabenediktini kule Gihindamuyaga, Rwanda, akatoka. Akasoma Lovanium, Kinshasa, kiisha Louvain, Ubelgiji, ambako alipata udaktari mwaka wa 1970. Alikuwa mtu wa filolojia: Kigiriki, Kilatini, maana za maneno na safari zake. Mwaka wa 1971 serikali ikakusanya iniversite zote kuwa UNAZA, kitivo cha lettres kikapelekwa Lubumbashi, naye akafundisha huko. Mwaka uliofuata Mobutu akakataza majina ya Kikristo. Valentin-Yves akawa Vumbi Yoka. Angalieni vizuri: herufi ni zile zile, V. Y. Amri imetiiwa, na sahihi kwenye vitabu haijabadilika. Mimi nasoma humo tabasamu dogo la mtu aliyezoea kuishi na majina aliyopewa na wengine.

Aliandika riwaya pia, na nashangaa kwamba sisi wa lettres tunazisahau. Entre les eaux, ya 1973, ni habari ya padri Pierre Landu anayeacha parokia kwenda msituni na waasi wa Kimarxi, na kukuta kwamba kule pia si kwao. Le bel immonde, ya 1976, inatupeleka Kinshasa wakati wa uasi wa miaka ya 60, kwa waziri mmoja na mwanamke wa bar. Kwa hiyo mdogo wangu, kama unatafuta ministre kwa Mudimbe, yumo. Ila sidhani utampenda.

Mwishoni mwa miaka ya 70 Mobutu alitaka kumwingiza katika Kamati Kuu ya MPR. Leo tunasema "MPR" na kucheka na ile nyimbo na ngoma, lakini kwa profesa wa wakati ule ilikuwa gari, nyumba, kulazwa Ulaya ukiugua. Ilikuwa pia kuwa mdomo wa chama. Mudimbe aliondoka Zaïre, akaenda Marekani: Haverford, Stanford, Duke. Akabaki huko mpaka kufa, na miaka 83.

Hapa nilitaka kuandika "shujaa" na kuendelea. Lakini nilipomsomea aya hii mzee mmoja aliyenifundisha sekondari, mtu wa kizazi kile, alinyamaza kidogo kiisha akasema: "Yeye alikataa, akaenda. Sisi hatukuulizwa kitu, tukabaki na chaki." Hakusema kwa hasira. Tangu siku ile neno "shujaa" linanikwama. Kukataa kwake kulikuwa kwa kweli na kulimgharimu nchi. Lakini kukataa kwa namna ile kunahitaji kwanza uwe umeitwa, na pili uwe na mlango mwingine wa kutokea. Wengi wa wale walioshika shule zetu ili zisianguke kabisa hawakuwa na hata kimoja.

Sasa nifike kwenye kitabu, maana bila kitabu mazungumzo yote haya ni udaku wa wasomi.

The Invention of Africa ilitoka mwaka wa 1988, kwa Kiingereza, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Herskovits kule Marekani. Tafsiri ya Kifaransa, kwa Présence Africaine, ilikuja 2021. Hesabuni wenyewe: miaka 33. Mtoto aliyezaliwa Kindu mwaka kitabu kilipotoka alipaswa kungoja mpaka umri wa Yesu msalabani ili akipate katika lugha ya masomo yake. Kwa Kiswahili hatujafika hata kwenye jalada.

Wazo lake kubwa, kama ninavyolielewa, ni hili. Kabla Mwafrika hajafungua mdomo kujieleza, kulikuwa tayari na rafu ndefu ya maandishi juu yake: ya wasafiri, wamisionari, maofisa wa serikali, wataalamu wa makabila. Mudimbe anaiita maktaba ya kikoloni. Hasemi tu kwamba imejaa uongo. Hilo lingekuwa rahisi, tungechoma vitabu tukalala. Anasema kwamba maktaba ile ndiyo iliyoweka meza, viti na taa, kiasi kwamba hata sisi tunapokuja kubisha, tunakaa kwenye viti vyake. Padri Tempels, Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga, aliandika mwaka wa 1945 kitabu cha kuonyesha kwamba Wabantu wana falsafa. Wengi walifurahi, na hakika lilikuwa jambo la kufurahisha kwa wakati ule. Lakini nani aliuliza swali, nani alichagua maneno ya kujibu, na Mbantu alikaa wapi katika chumba kile? Mudimbe anasoma kwa jicho hilo hata wale waliokuwa upande wetu. Anachukua picha ya mchoraji Mjerumani, Hans Burgkmair, ya mwaka wa 1508: kabila la kigeni. Anatufanya tuone mchoraji akiwa na miili ya Kizungu mbele yake, akiipaka tu rangi nyeusi.

Nilipofika hapo nilifunga PDF na kufikiri juu ya Kindu.

Wenzangu mliotoka Maniema kwenda kusoma Kisangani, Bukavu ao Kinshasa, mnajua ile kuulizwa: "Wewe ni wa Maniema? Kule bado wanakulaka watu?" Inasemwa kwa kicheko, nawe unacheka ili uonekane mtu mzuri. Sasa tafuteni jina la mji wetu kwenye intaneti kwa Kiitaliano. Mtakutana na Novemba 1961. Wanajeshi wa anga 13 wa Italia, waliokuja na ndege mbili kuwaletea vyakula askari wa Umoja wa Mataifa, walikamatwa hapa na askari wetu, waliowadhania mamluki wa Katanga, wakauawa. Hilo ni kweli, ni damu ya watu wasio na kosa, na sisi wa Kindu hatuna ruhusa ya kulizunguka. Lakini magazeti ya Ulaya na Marekani hayakutosheka na kuuawa kwao. Yaliandika kwamba walikatwakatwa, walitupwa mtoni, waliliwa. Mwanzoni mwa 1962 miili yao ilipatikana imezikwa, ikarudishwa Pisa, ambako wana mnara wao wa kumbukumbu. Lakini kaburi halikusafiri mbali kama ile habari ya kwanza.

Kwa nini habari ya kwanza iliaminiwa upesi hivyo? Kwa sababu mahali pake palikuwa tayari kwenye rafu. Livingstone alikuwa Nyangwe, juu kidogo ya mto wetu, mwaka wa 1871. Aliandika "Manyuema" kwenye daftari zake, na swali la kula watu linarudi humo tena na tena. Na ni mtu yule yule, mahali pale pale, aliyeandika jinsi watu wa wafanyabiashara ya watumwa walivyofyatulia risasi wamama sokoni Nyangwe. Kiisha akaja Stanley, mwaka wa 1876, akapita na watu wa Tippu Tip. Miaka 85 baadaye, mwandishi wa gazeti aliyekaa mbali hakuhitaji kuona kitu Kindu. Kindu ilikuwa imeshaandikwa. Maneno "maktaba ya kikoloni" niliyapita mara nyingi kama maneno ya mtihani. Siku ile niliyaelewa kwa tumbo.

Ndiyo maana nasema kitabu hiki ni chetu, hata kama hakitutaji.

Lakini sasa sikilizeni namna tunavyokitumia. Kazi yangu ya mwisho wa masomo ilikuwa juu ya likelemba ya wamama wanaouza samaki, wale wanaovuka kutoka Alunguli asubuhi na mapema. Niliandika kwamba kwa wamama wale deni si pesa tu, ni namna ya kushikana, na kwamba anayelipa haraka kupita kiasi anatiliwa mashaka kama mtu anayetaka kuachana na wenzake. Niliambiwa hivyo na mama mmoja aliyekuwa katika biashara ile kabla sijazaliwa. Siku ya defansi mmoja wa jury akaniuliza: "Nani amesema?" Nikasema, mama fulani, siku fulani, pale kwenye kivuko. Akasema: "Hapana. Auteur gani amesema?" Nilikaa wiki mbili nikitafuta Mzungu aliyesema kile mama yule alichosema. Nikampata, Mfaransa, tena aliandika juu ya visiwa vya mbali. Nikamweka chini ya ukurasa. Kazi ikapita na distinction.

Sitaji shule, na yule bwana hakuwa mtu mbaya. Naye aliulizwa vile vile wakati wake. Ninachotaka kusema ni kwamba leo mambo yamebadilika kidogo tu: badala ya Mfaransa, tunaweka Mudimbe. "Kama anavyosema Mudimbe (1988)..." kiisha sentensi ambayo Mudimbe hakuisema popote. Nimeona kazi tatu mwaka huu zenye jina lake na hakuna hata moja iliyomfungua. Amekuwa muhuri. Unaupiga kwenye karatasi ili jury ijue nawe ni wa kisasa, umeshaondoa ukoloni kichwani. Mtu aliyetumia maisha yake kuuliza muhuri unatoka kwa nani, sisi tumemfanya muhuri! Na nguvu ya muhuri wenyewe inatoka wapi? Inatoka kule: tuzo ya Marekani, kiti cha Duke, filamu ya saa nne ambayo Jean-Pierre Bekolo wa Kameruni alimfanyia mwaka wa 2015. Angebaki Likasi akaandika yale yale kwenye daftari, tungemuuliza: "Auteur gani amesema?"

Je, kosa ni letu peke yetu? Hapana, na hapa nitawakasirisha wale wa mishumaa. Mudimbe ni mwandishi mgumu, na si mara zote ugumu unatokana na jambo lenyewe. Kuna kurasa ambamo majina ya wanafalsafa wa Paris yanapita moja nyuma ya lingine kama mabehewa ya treni, unangoja kuona mzigo, unaona behewa la mwisho linapita. D. A. Masolo, mwanafalsafa wa Kenya, alimlaumu tangu 1994 kwamba anabomoa vizuri lakini hatuonyeshi njia ya kutoka. Lawama hiyo naikubali nusu. Kazi ya fundi anayekuonyesha kwamba msingi umepinda ni kazi, hata kama hajengi nyumba. Nusu ninayoikubali ni hii: mtu aliyeonyesha hivi vizuri kwamba tunajieleza kwa maneno ya wengine alipaswa, angalau mara moja, kujaribu maneno mengine.

Kwani alitoka mji wa Kiswahili! Wakati ule ule akiwa Lubumbashi, Mjerumani Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha huko pia, alikaa na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu mwaka wa 1973 na 1974. Tshibumba akachora historia ya nchi kwa picha zaidi ya 100, akiieleza kwa Kiswahili cha Shaba. Kila neno lilihifadhiwa. Yaani wazo juu ya Kongo, kubwa, lenye mpangilio, lilikuwa linasemwa kwa lugha ya mitaa katika mji ule ule wa mwanafalsafa wetu, na aliyeweka kinasa sauti alikuwa mgeni. Na mwezi mmoja tu baada ya Mudimbe, Mei 2025, akafa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeacha riwaya za Kiingereza ili aandike kwa Kikuyu. Wote wawili waliondoshwa makwao na siasa, wote wawili walizeekea katika iniversite za Marekani. Mmoja aliona lugha ndiyo vita yenyewe, mwingine aliona si hapo.

Nilikuwa tayari kumhukumu Mudimbe kwa hilo. Kilichonizuia ni kwamba nilimsikia akinijibu. Kiswahili gani, kijana? Kile kilichokuja Maniema na misafara ya pembe na watumwa? Kile ambacho wamisionari walikinyoosha katika vitabu vya katekisimu, na wakubwa wa mgodi wakakitumia kuita watu kazini? Hicho nacho kina rafu yake katika ile maktaba. Haya, sina jibu la haraka. Najua tu kwamba mama wa Alunguli aliniambia habari ya deni kwa Kiswahili hicho hicho, na kwamba wazo lake lilipoteza kitu nilipolipeleka kwenye Kifaransa, kitu ambacho mpaka leo sijakirudisha.

Kwa hiyo tumeanza kujaribu. Tuko watano, Jumamosi mchana, nyuma ya duka la fotokopi huko Kasuku, maana mwenye duka anatuachia karatasi zilizoharibika upande mmoja. Tulisema tutafsiri kurasa kumi tu za kwanza. Jumamosi ya kwanza tulikaa saa mbili na hatukutoka kwenye jina la kitabu.

Mmoja alisema Uvumbuzi wa Afrika, kama kamusi inavyotaka. Tukakataa: shuleni tulifundishwa kwamba Stanley ni mvumbuzi, na uvumbuzi ni kukuta kitu kilichokuwa kimejificha. Ukiandika hivyo umewapa ushindi kabla ya ukurasa wa kwanza. Mwingine akasema basi Uzushi wa Afrika. Ilitupendeza sana, tulipiga mikono, mpaka dada yetu wa sheria akasema uzushi ni uongo tu, na kama ni uongo tu, kwa nini kitabu kizima? Uongo ungeisha siku tunapousema. Mimi nikaleta kutunga. Mtu anatunga hadithi, anatunga wimbo, mama anatunga shanga kwenye uzi, na mimba pia inatunga. Kitu kilichotungwa si lazima kiwe uongo. Kinaweza kuzaliwa, kikatembea, kikakuita kwa jina nawe ukaitika.

Dada wa sheria hakushawishika. Alisema neno la Kilatini lililo ndani ya jina lile linamaanisha kuja juu ya kitu, kukikuta, na mtu wa filolojia kama Mudimbe hakuwa akicheza alipolichagua: wanaokuta na wanaotunga ni watu wale wale. Kwa hiyo tunahitaji neno linaloshika yote mawili. Mwenye duka, aliyekuwa anabadilisha wino akitusikiliza, akauliza kama hakuna neno kama hilo kwa Kikusu. Hakuna kati yetu aliyejua vya kutosha kumjibu. Tumemwachia mmoja aende kuuliza kwao kabla ya Jumamosi ijayo, na tumempa daftari aandike jina la atakayemwambia.